Mji kwa Mstari Mweusi

Mchoro wa kalamu na wino una rangi mbili tu: weusi wa wino na weupe wa karatasi. Ndani ya kichupa cha wino hakuna kijivu. Kila kivuli kinachoonekana, cha mwembe uani, cha mwavuli wa muuza vocha, cha ukosi wa shati la kondakta, kimetengenezwa kwa mistari au nukta nyeusi zilizosogezwa karibu karibu mpaka jicho likaamini kuwa limeona kijivu. Na wino ukishagusa karatasi haurudi. Mwenye penseli ana ufutio. Mwenye kalamu ana uamuzi wake tu. Sifa hizo mbili, uchache wa rangi na kutofutika, zimeifanya kalamu ya wino ifae kuliko zana nyingi kwa kuchora maisha ya kawaida ya mjini, ambayo hupita haraka, yamejaa vitu vidogo vidogo, na hayamsubiri mchoraji.

Kiswahili kina neno moja, kuchora, kwa kazi ya kalamu kwenye karatasi na kwa kazi ya patasi kwenye mlango wa mbao. Kwa kalamu ya wino udugu huo ni wa kweli. Ncha ya chuma hukwaruza, na mkono husikia kila unyuzi wa karatasi. Ikikandamizwa, matawi yake mawili huachana na mstari hunenepa. Ikilegezwa, hurudiana na mstari huwa mwembamba kama unywele. Hivyo mstari mmoja wa bega la mpagazi unaweza kuanza mwembamba shingoni, ukanenepa pale gunia lilipokalia, ukakonda tena unaposhuka mkononi. Uzito wa gunia umeshaelezwa kabla gunia lenyewe halijachorwa.

Kalamu ya zamani zaidi ni tete lililokatwa mshazari na kupasuliwa kidogo nchani ili wino ushuke. Katika pwani ya Afrika Mashariki vitabu vilinakiliwa kwa kalamu ya namna hiyo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa wanakili wake wa misahafu, na Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alianza kwa kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Tete hubeba wino kidogo na huishiwa upesi, kwa hiyo mistari yake ni mifupi, mizito, yenye mwanzo mweusi na mkia uliokauka. Vincent van Gogh alipokuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, alikata matete yaliyoota huko huko na kuchora mashamba na barabara kwa vipande vya mistari na nukta, kila kitu na mkwaruzo wake: majani namna moja, udongo uliolimwa namna nyingine, mbingu namna ya tatu au pasipo alama kabisa.

Unyoya wa bata bukini, ulio laini zaidi na unaogeuka upesi, ndio uliotawala Ulaya mpaka karne ya 19, viwanda vya Birmingham nchini Uingereza vilipoanza kutoa ncha za chuma kwa wingi na bei ikashuka. Karne ya 20 ikaleta kalamu za bomba, zilizotengenezwa kwa ajili ya wachora ramani za majengo, ambazo mstari wake haunenepi hata mkono ukandamize vipi: milimita 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Namba hizo zina hesabu yake. Kila moja inaizidi iliyotangulia kwa uwiano ule ule ambao upana wa karatasi ya A3 unauzidi upana wa A4, hivyo mchoro ukipunguzwa kutoka A3 hadi A4, mistari yake huangukia kwenye unene wa kalamu inayofuata chini. Wachora vibonzo huchora kwa ukubwa na gazeti hupunguza, kwa hiyo kwao hesabu hiyo ni kazi ya kila siku.

Ipo pia peni ya kawaida ya dukani, ile ya kijipira nchani, iliyotokana na ubunifu ambao Mhungaria László Bíró aliupatia hataza mwaka 1938. Inadharauliwa bila haki. Wino wake ni mzito kama mafuta, na mkono mwepesi huacha mstari hafifu sana, mzito huacha mweusi. Katika kalamu zote za wino, hii ndiyo inayokaribia kuwa na kijivu. Wengi waliojifunza kuchora Afrika Mashariki walianza nayo, kwenye kurasa za nyuma za daftari la shule. Kasoro yake ni kwamba wino wake hufifia ukikaa juani au kwenye mwanga mkali miaka mingi, wakati wino wa masizi na gundi, ule wa kale, hubaki mweusi kwa karne nzima na zaidi.

Kutengeneza kijivu ndiyo kazi kubwa ya mchoraji wa kalamu. Njia ya kwanza ni mistari sambamba: ikiachana, sehemu hung'aa, ikikaribiana, huingia kiza. Njia ya pili ni kuikata mistari hiyo kwa mingine inayopita juu yake mshazari, safu ya pili, ya tatu, hata ya nne kwa kivuli kizito. Ya tatu ni nukta, kazi ya subira, inayofaa ngozi, mchanga, kutu na ukungu. Ya nne ni kupajaza mahali fulani weusi mtupu kwa brashi na kuacha kila kitu kingine kitegemee hapo. Ustadi unaonekana zaidi katika mwelekeo wa mistari kuliko katika wingi wake. Mstari unaofuata mviringo wa kitu hukijenga. Unaopita tu hukiangusha kikawa bapa.

Jiko la mkaa la mama lishe, na sufuria ya alumini juu yake, ni mtihani unaotosha kumpima mchoraji yeyote. Anayeanza huijaza sufuria mistari pande zote, na matokeo yake ni chungu cha udongo. Alumini hung'aa, na mng'ao kwenye wino hupatikana kwa kuweka weusi mzito ubavuni mwa weupe kamili pasipo kijivu kati yao: mchirizi mmoja mweusi wa wima, karatasi tupu pembeni yake, kisha mchirizi mwingine mwembamba. Panapo kishimo cha kugongwa, mchirizi hukatika na kupinda. Chini ya sufuria, moto ulipoacha masizi, mistari hukatana mpaka karatasi karibu isionekane. Jiko lenyewe huchukua mistari mifupi iliyopinda kufuata tumbo lake. Makaa hayapati wino: huachwa meupe ndani ya mdomo mweusi wa jiko, na weusi huo ndio unaoyawasha. Moshi nao hauchorwi. Mistari ya ukuta ulio nyuma husimama pale moshi unapopita na kuendelea baada yake, na jicho hujaza lililobaki.

Kanga ya mama lishe huyo ina sheria zake. Ina pindo kuzunguka kingo, ina mji katikati, na ina jina lake lililoandikwa upande wa chini. Hakuna haja ya kuchora maua yote ya mji. Pindo peke yake husema kila kitu, maana ni mstari ulionyooka kwenye kitambaa kilichotandazwa, na kitambaa kikivaliwa mstari huo hupanda, hushuka na kukatika kila palipo na mkunjo. Mchoraji anayelifuata pindo kwa uaminifu amekwisha kuchora kiuno, goti lililokunjwa na fundo la kifuani. Herufi za jina hukatwa vivyo hivyo. Nusu ya neno humezwa na mkunjo, na msomaji anayezijua kanga hulimalizia mwenyewe.

Mji wa leo umeleta vitu ambavyo wachoraji wa zamani hawakuviachia mistari. Makuti, mawe, magome na nyuzi vina mkwaruzo wa asili na kalamu huvipenda. Kiti cha plastiki hakina mkwaruzo wowote. Ukikiwekea mistari mingi kinageuka cha mbao, kwa hiyo huchorwa kwa mzingo mmoja usiobadilika unene, na utupu wa ndani ndio unaokifanya plastiki. Ghorofa la vioo huachwa karibu jeupe, likiwa na mistari michache ya mshazari na kipande cha jengo la jirani kilichopindapinda ndani ya kioo. Bati huchukua mistari sambamba inayokaribiana kadiri paa linavyokwenda mbali, na nukta pale kutu ilipoanza. Nyaya za umeme, ambazo mpiga picha huzikwepa, kwa kalamu ni zawadi: mistari iliyolegea kutoka nguzo hadi nguzo, inayoifunga barabara nzima pamoja.

Simu ya mkononi imebadilisha hata mwili wa mtu. Shingo inayoinama mbele, viwiko vilivyobanwa mbavuni, kidole gumba kimoja kinachofanya kazi: mkao huo haumo katika michoro ya miaka 40 iliyopita, na sasa umejaa vituoni, vijiweni na kwenye foleni za benki. Usiku, mwanga wa kioo chake humulika uso kutoka chini. Mchoraji hufunika karatasi yote kwa mistari inayokatana na kubakiza weupe chini ya kidevu, puani na kwenye nyusi. Taa ya chemli ilimulika vivyo hivyo, ila chemli ilimulika familia nzima na simu humulika mtu mmoja. Tofauti hiyo mchoro huionyesha kwa ukubwa wa doa jeupe tu, bila neno.

Ugumu mkubwa kuliko vifaa ni kwamba watu hawatulii. Mshairi Charles Baudelaire alilieleza tatizo hili mapema, katika makala ndefu iliyochapwa mwaka 1863 kwenye gazeti la Le Figaro la Paris, juu ya mchoraji wa maisha ya kisasa. Mchoraji aliyemlenga alikuwa Constantin Guys, mzaliwa wa Vlissingen nchini Uholanzi, aliyewahi kuchora vita vya Crimea kwa ajili ya gazeti la Illustrated London News. Kwa ombi la Guys mwenyewe, makala ilimtaja kwa herufi tu. Guys alishinda mitaani akitazama magari ya farasi, askari, wanawake na mavazi yao, kisha usiku akayachora kwa kumbukumbu, kwa kalamu na wino uliochanganywa na maji. Kumbukumbu ilimsaidia, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kumchagulia: kilichobaki kichwani mpaka usiku ndicho kilichokuwa na uzito.

Wanaochora papo hapo wana njia nyingine. Katika kituo cha daladala mtu akisimama kwa kutulia ni kwa muda mfupi sana. Mchoraji huanza na mstari unaotoka kisogoni hadi kisiginoni, kwa sababu ndio unaosema uzito uko mguu gani. Mtu akiondoka katikati ya mchoro, mstari huo unatosha kumshikilia. Mkono uliokosekana huazimwa kwa abiria aliyefuata. Kikapu hutoka kwa wa tatu. Kondakta, ambaye hurudi mlangoni kila gari linapokuja na kuning'inia kwa namna ile ile, huchorwa kidogo kidogo kwenye magari matano. Baada ya nusu saa karatasi inakuwa na umati wa watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja hata dakika moja, na bado mwenyeji wa kituo kile akiuona atasema ndivyo palivyo.

Hapo ndipo mchoro wa kalamu unapoachana na picha ya simu. Picha huonyesha kilichotokea saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mchoro huonyesha kinachotokea pale kila asubuhi. Yaliyojirudia mbele ya macho kwa nusu saa ndiyo yanayopata mstari. Yaliyopita mara moja huachwa. Maisha ya kila siku ni mazoea, na mazoea hayaonekani kwa kupepesa jicho mara moja. Kutofutika kwa wino kunasaidia katika hili kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwenye kujua kuwa mstari hautarudi hutazama kwanza, mara mbili, mara tatu, kabla ya kuuweka. Mistari iliyokosewa nayo hubaki, na mingi ni ushahidi wa haki: goti lililochorwa mara mbili ni la mtu aliyebadilisha mguu kwa kuchoka kusubiri.

Sababu ya mistari myeusi kushika magazeti kwa muda mrefu ilikuwa ya kiwandani. Mchoro ulihamishiwa kwa mwanga kwenye bamba la zinki, tindikali ikala sehemu zisizo na mstari, na mistari ikabaki imeinuka tayari kupakwa wino wa mtambo. Mtambo haukujua kijivu. Ulijua kuchapa au kutochapa. Picha za kamera zilihitaji kuvunjwa kuwa vidoti, na kwenye karatasi nyepesi ya gazeti mara nyingi zilitoka zimefifia. Mchoro wa kalamu ulitoka jinsi ulivyochorwa. Kwa hiyo, kwa aliyetaka kuonyesha sura ya mtu wa kawaida kwenye gazeti la bei ya chini, kalamu ilikuwa njia ya uhakika.

Afrika Mashariki ilinufaika na hilo pengine kuliko inavyokumbuka. Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau, alikaa katika gazeti la Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo kadhaa, na ndani ya vijisanduku vyake vidogo mna nyumba, vyombo, miti na mavazi ya vizazi viwili. Tanzania ilimpata Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru kuanzia miaka ya 1960, mtu wa mtaani aliyeyashuhudia yote yaliyokuwa yakitangazwa majukwaani na kuyapeleka nyumbani, sokoni na kilabuni. Jarida la Sani likawaleta wahusika Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na katika miaka ya 1980 mkono wa mchoraji Philip Ndunguru ulionyesha Dar es Salaam kwa undani ambao ni vigumu kuupata kwingine: viatu, mitindo ya nywele, vibao vya maduka, namna watu walivyoegemea ukuta. Msomaji alifuata kichekesho. Mtaa uliokuwa nyuma ya kichekesho aliupata bure.

Nairobi mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililopewa jina la mwananchi wa kawaida asiye na cheo. Majalada ya Hirst yalijaa watu wa mjini waliobanana, kila mmoja na shughuli yake. Paul Kelemba, anayejulikana kama Maddo, ameipeleka mbele zaidi desturi hiyo katika ukurasa wake mzima wa gazeti la mwisho wa wiki, wenye michoro midogo mingi juu ya matatu, hoteli za vijijini, harusi na mazishi. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, anajulikana zaidi kwa viongozi anaowachora, lakini hata kwake pembeni mwa kiongozi kuna mwananchi. Na Masoud Kipanya amempa panya mdogo kazi ya kutazama yote hayo kutoka chini, mahali ambapo viatu na miguu ya meza huonekana vizuri.

Kazi hizi huzungumzwa mara nyingi kama siasa: nani alichorwa, nani alikasirika. Ni haki, ila kuzisoma hivyo tu kunapunguza thamani yake kwa nusu. Mwanahistoria atakayetaka kujua Waziri fulani alisema nini mwaka 1985 atazikuta hotuba. Atakayetaka kujua foleni ya sukari ilisimamaje, mtungi ulibebwa na nani, redio iliwekwa wapi sebuleni na kufunikwa na kitambaa gani, atapata majibu machache kwenye hotuba na mengi kwenye vibonzo. Mchora kibonzo hakuweza kukwepa vitu hivyo. Bila sufuria, kiti na kanga, mtu wake angekuwa anaelea hewani.

Kwa sababu hiyo, kuiacha michoro halisi ipotee ni hasara ya umma. Karatasi ya gazeti imetengenezwa hasa kwa mbao zilizosagwa, na ikipata mwanga na hewa hugeuka njano, kisha hukatika kwenye mikunjo. Mchoro halisi ni mkubwa kuliko uliochapwa, una mistari ambayo uchapaji uliimeza, na mara nyingi una rangi nyeupe iliyopakwa kufunika makosa, jambo linaloonyesha mchoraji alikuwa amefikiria nini kwanza. Kuutunza hakuhitaji jengo la fahari: karatasi isiyo na asidi, sanduku bapa, mahali pakavu pasipo jua. Kwa miji ya pwani, unyevu na mende ni adui wakubwa kuliko mwanga. Magazeti yaliyolipia kazi hizo ndiyo yanayopaswa kuanza, na maktaba za taifa zingefanya vyema kuzihesabu pamoja na nyaraka badala ya kuzihesabu pamoja na burudani. Wengi sasa huchora kwenye kioo cha kompyuta, ambako mstari hufutika kwa kugusa tu na mafaili yanaweza kupotea pamoja na mashine; huko ulinzi unaohitajika ni nakala zaidi ya moja, katika sehemu zaidi ya moja.

Mchoro uliotunzwa bila maelezo hupungua maana kila mwaka. Kijana aliyezoea mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hawezi kuyajua mabasi marefu ya Ikarus ya shirika la usafiri la UDA kwa kuyatazama tu, wala kwa nini watu waliyaita kumbakumba. Wachoraji waangalifu huandika nyuma ya karatasi tarehe, saa, kituo, njia ya basi na majina ya vitu kama walivyoviita wenyewe waliokuwapo. Huandika kwa penseli laini, mkono ukiwa mwepesi, maana wino ungepenya na kutokea upande wa pili.